Eksirei ilikuwa safi, lakini baba amebadilika

Msomaji mmoja wa Ahero ameniandikia hivi. Nimefupisha kidogo:

"Daktari, baba yangu ana miaka 71. Wiki sita zilizopita alianguka kutoka kwenye bodaboda akitoka sokoni, akagonga kichwa kwenye lami. Alisimama mwenyewe, akajipangusa vumbi, akaenda nyumbani kwa miguu. Hospitali ndogo ya hapa walimshona nyuzi nne, na eksirei ikaonyesha fuvu halijavunjika. Akarudi kwenye mpunga wake kama kawaida. Sasa kwa siku kumi hivi amekuwa mtu mwingine. Kichwa kinamuuma asubuhi, analala mchana kutwa, ananiita kwa jina la shangazi yangu aliyefariki, na ndara ya mguu wa kushoto inamtoka akitembea bila yeye kujua. Ametibiwa malaria mara mbili. Kila siku anameza aspirini ndogo kwa ajili ya moyo. Kaka yangu anasema ni uzee, tungoje mwisho wa mwezi tupate pesa. Majirani wanasema ni kiharusi. Wengine wanatutisha kwamba mtu akipasuliwa kichwa harudi kuwa yule yule. Tufanye nini?"

Dada yangu, msingoje mwisho wa mwezi. Msingoje hata kesho. Mpelekeni mzee leo mahali penye mashine ya skani ya CT, ile inayopiga picha za ubongo wenyewe, na mkifika mlangoni, kabla hujaulizwa lolote, sema hivi: "Aligonga kichwa wiki sita zilizopita, anameza aspirini, na sasa amebadilika." Mambo hayo matatu yakisemwa pamoja, daktari au muuguzi yeyote aliyefundishwa vizuri anapaswa kusimama na kukusikiliza. Ukianza na malaria, utapewa foleni ya malaria.

Siwezi kumpima baba yako kwa barua. Lakini habari ulizonipa zinafanana mno na ugonjwa mmoja ninaoujua vizuri, nao ni damu iliyovilia juu ya ubongo, chini ya utando mgumu unaoufunika. Ni hatari, lakini pia ni miongoni mwa magonjwa machache ya ubongo ambayo mzee anaweza kuingia nayo thieta hamtambui mwanawe, na baada ya siku chache akamwita kwa jina lake.

Nianze na ile ndara, maana ndiyo iliyonifanya niiweke barua yako mbele ya nyingine. Mtu aliyezoea ndara huibana kwa vidole vya mguu bila kufikiri, kila hatua, maisha yake yote. Mguu ukianza kupoteza nguvu, kazi hiyo ndogo ndiyo huharibika mapema, hata kabla mtu hajaanza kuchechemea. Kisha ukaongeza kwamba hajui kuwa imemtoka. Mzee mwenye maumivu ya goti anajua goti lake. Mzee anayeacha kiatu nyuma na kuendelea kutembea ana shida juu zaidi, na kwa kuwa ni mguu wa kushoto, macho yangu yanakwenda upande wa kulia wa ubongo, kwa sababu kila upande wa ubongo huongoza upande wa pili wa mwili.

Wakati gari linatafutwa, kuna jambo unaloweza kufanya kwa nusu dakika. Mketishe kwenye kiti. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele yake, viganja vikitazama juu kama mtu anayepokea kitu, kisha afumbe macho. Hesabu polepole hadi 10. Mkono wenye nguvu utabaki ulipo. Mkono uliodhoofika utaanza kushuka taratibu, na kiganja kitajigeuza kuelekea chini, naye atakuwa anaamini bado ameinyoosha mikono sawasawa. Ukiona hivyo, mwambie daktari ulichokiona. Usipoona, nendeni vilevile.

Sasa nikueleze kilichotokea humo ndani, kwa sababu ukielewa utaweza kumweleza kaka yako.

Ubongo haukugusana na mfupa wa fuvu. Katikati kuna tabaka za utando. La nje kabisa ni gumu, kama ngozi iliyowambwa, nalo limeshikamana na mfupa kwa ndani. Chini yake kuna utando mwembamba kama wa buibui, kisha ubongo wenyewe ukiwa umezungukwa na maji. Damu iliyomaliza kazi ubongoni inapaswa kutoka, na hutoka kupitia vena ndogo ndogo zinazovuka kutoka juu ya ubongo hadi kwenye utando mgumu. Vena hizo zimening'inia kama kamba za kuanikia nguo kati ya nyumba mbili.

Kwa kijana, nyumba hizo mbili zinakaribiana na kamba imelegea. Lakini ubongo wa binadamu husinyaa kidogo kidogo kwa umri, na kwa mtu aliyekunywa pombe nyingi kwa miaka husinyaa zaidi. Nafasi inapanuka, kamba inakazwa. Kichwa kikitikiswa ghafla, ubongo hubaki nyuma kidogo wakati fuvu limeshasimama, na vena moja inachanika. Haihitaji ajali kubwa. Nimeona wazee waliogonga kichwa kwenye fremu ya mlango wa choo, na wengi hata hawakumbuki wamejigonga lini.

Damu ya vena haina msukumo mkubwa. Inachuruzika kidogo, inasimama. Ndiyo maana baba yako aliweza kujipangusa vumbi na kwenda nyumbani. Kama mambo yangeishia hapo, mwili ungeinyonya damu ile na habari ingekwisha, na kwa watu wengi ndivyo inavyokuwa. Kwa wengine mwili hufanya kosa. Katika wiki mbili tatu zinazofuata huijengea damu ile mfuko, na ndani ya ukuta wa mfuko huotesha vijishipa vipya vilivyo dhaifu, ambavyo navyo vinavuja. Damu ya zamani inayeyuka inakuwa majimaji, mpya inaongezeka juu yake, mfuko unatanuka. Aspirini inazidisha, kwa sababu kazi yake hasa ni kuzuia chembe za damu zisishikane kuziba tundu. Hivyo mzee anayeanguka mwezi wa kwanza anaweza kuonekana mzima mwezi mzima na zaidi, halafu akaanza kubadilika wakati familia imeshasahau siku ile ya ajali. Ule ubongo uliosinyazwa na uzee, kwa bahati, unampa nafasi. Mzee anaweza kubeba mililita 100 za damu hiyo, karibu nusu kikombe cha chai, kabla hajalala kitandani. Nafasi hiyo ikiisha, inaisha ghafla. Fuvu la mtu mzima ni kama sufuria iliyochomelewa mfuniko, na kinachoongezeka ndani hakina pa kufurikia ila kuusukuma ubongo chini, kwenye tundu la shingo, mahali penye vituo vya kupumua na mapigo ya moyo.

Hiyo ndiyo sababu sitaki mngoje pesa za mwisho wa mwezi.

Eksirei ya fuvu haikuwadanganya, ila iliulizwa swali lisilokuwa lake. Eksirei huonyesha mfupa. Haionyeshi damu, haionyeshi ubongo. Mzee anaweza kuwa na fuvu zima lisilo na ufa hata mmoja na chini yake kuna mfuko wa damu, na kwa ugonjwa huu ninaoueleza hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi. Nawasihi wasomaji wote: karatasi ya eksirei isitumike kama cheti cha kwamba kichwa ni kizima.

Na malaria. Sisi wa ukanda wa ziwa tumeishi na malaria kiasi kwamba kila mtu anayelala mchana anapimwa malaria, na si vibaya apimwe. Shida ni kusimama hapo. Mtu mzima wa Ahero, Nyando au Busia anaweza kuwa na vijidudu vichache damuni na visimuuguze kabisa, kwa kuwa mwili wake umevizoea. Tena kile kipimo cha haraka cha tone la kidoleni kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa baada ya mtu kumeza dawa na kupona, kwa sababu kinanasa mabaki ya vijidudu, na mabaki hayo hukaa. Kwa hiyo mzee aliyetibiwa malaria akapimwa tena wiki mbili baadaye na kuambiwa "bado ipo" huenda malaria ilishaondoka zamani. Hujasema kama baba ana homa. Kama hana homa, na dozi mbili hazijambadilisha, basi kipimo hicho kimeshasema kila kilichoweza kusema.

Majirani wanaosema kiharusi hawako mbali, maana upande mmoja umelegea. Lakini kiharusi kwa kawaida hupiga ghafla: mtu alikuwa anakula, kijiko kikaanguka. Baba yako amebadilika kwa siku kumi, polepole. Nina hakika pia, ingawa hukuandika, kwamba ana saa zake nzuri na saa zake mbaya. Asubuhi moja anaongea vizuri mkafurahi, jioni amepotea tena. Kupanda na kushuka huko ni alama ya damu hii, na ndiko kunakozifanya familia zingoje siku nyingine moja. Hatari ya kuliita kiharusi bila skani ni kwamba dawa ya kwanza ya kiharusi cha mshipa ulioziba ni hiyo hiyo aspirini. Unamwongezea anayevuja dawa ya kuvujisha.

Na uzee? Uzee husahaulisha kwa miaka, hausahaulishi kwa siku kumi. Mwambie kaka yako hivyo, kwa upole, kwa sababu najua naye anampenda baba na anahesabu pesa ambazo hana.

Niseme jambo langu mwenyewe, linalonifanya niandike kwa ukali huu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mchanga katika hospitali moja ya magharibi mwa Kenya, kijana wa bodaboda aliletwa usiku na wenzake. Alikuwa amezimia dakika chache barabarani, akazinduka. Alipofika kwangu alikuwa anaongea, anauliza pikipiki iko wapi na nani ameshika ufunguo. Juu ya sikio la kulia kulikuwa na uvimbe. Alikuwa ananuka chang'aa. Nilitazama eksirei kwenye mwanga, sikuona ufa, nikaandika "amelewa, aangaliwe," nikamlaza kwenye korido. Saa nane usiku muuguzi aliniambia yule kijana anakoroma sana. Nikasema acha alale. Nilipopita saa tisa nilimfunua macho. Mboni ya kulia ilikuwa imepanuka, pana na nyeusi, haisogei hata nilipoimulika. Ya kushoto ilikuwa ndogo. Hatukuwa na skani pale, wala daktari wa kupasua kichwa. Alifariki kwenye ambulensi kabla hatujafika mjini.

Yake ilikuwa damu ya aina nyingine, na ni lazima niieleze kwa sababu vijana wetu ndio inaowachukua. Mfupa wa pembeni mwa kichwa, mbele na juu ya sikio, ni mwembamba kuliko sehemu nyingine, na kwa ndani ya mfupa huo mna ateri inayopita kwenye mfereji wake. Mfupa ukipata ufa, hata ufa mwembamba ambao jicho la daktari aliyechoka haliuoni saa sita za usiku, ateri inakatika. Ateri inasukumwa na moyo. Damu inaubandua ule utando mgumu kutoka kwenye mfupa kama anayebandua plasta, na kwa kijana, ambaye ubongo wake umejaa fuvu, hakuna nafasi. Madaktari wa upasuaji wana mwongozo kwamba damu ya aina hii ikizidi mililita 30 itolewe hata kama mgonjwa bado anaongea. Mililita 30 ni vijiko sita vya chai. Kati ya kuzinduka na kuzama mara ya pili huwa na kipindi cha uzima, dakika chache au saa kadhaa, na katika kipindi hicho watu humpa soda, humpeleka nyumbani, humwambia apumzike. Mwaka 2009 mwigizaji wa Uingereza Natasha Richardson alianguka akiteleza kwenye theluji huko Quebec, Kanada, akasimama akisema hana shida, akafariki siku mbili baadaye kwa damu ya namna hii. Yeye hakuwa amelewa, na hakuwa mtu wa kukosa pesa ya hospitali.

Kwa hiyo mkoromo mpya, mzito, wa mtu aliyegonga kichwa si usingizi mtamu. Na harufu ya pombe haielezi mboni mbili zisizolingana. Siku hizi kila mlevi aliyegonga kichwa namhesabu kuwa anavuja damu mpaka skani iniambie vinginevyo.

Turudi kwa baba yako na safari yenu. Asibebwe kwa bodaboda katikati ya watu wawili. Najua ndiyo njia ya haraka ya kutoka shambani hadi barabarani, lakini mtu asiyejua ndara imemtoka hawezi kujishikilia kwenye tuta. Tafuteni gari. Akianza kusinzia sana, mlazeni ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo, ili akitapika matapishi yatoke nje na yasiende mapafuni. Msimpe uji wala chai njiani, kwanza kwa sababu anaweza kupaliwa, pili kwa sababu huenda akaingia thieta usiku huo na tumbo linatakiwa liwe tupu. Dozi ya aspirini ya leo isubiri kauli ya daktari. Kichwa kikimuuma apewe parasetamoli, asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, maana nazo zinasumbua kuganda kwa damu. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile za mitishamba, na ile karatasi ya eksirei.

Akipata degedege, akitapika mfululizo, au asipoamka mkimwita na kumfinya, hiyo si safari ya kutafuta hospitali ya bei nafuu tena. Nendeni ya karibu kabisa yenye daktari, wamsaidie kupumua, kisha wao watafute rufaa.

Kutoka Ahero hadi Kisumu ni karibu kilomita 25, na mashine za skani zipo mjini, katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, na katika hospitali na vituo vya binafsi. Pigeni simu kwanza muulize maswali mawili tu: mashine inafanya kazi leo? Daktari wa upasuaji wa ubongo yupo? Kama jibu la pili ni hapana, skani bado ifanyike, kisha rufaa iombwe kwenda Eldoret, kwenye hospitali ya Moi, picha zikiwa mkononi. Bebeni kitambulisho chake, na kama hajasajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, msajilini kwa simu mkiwa garini. Ulizeni mapema kipi kinalipwa na kipi kinatoka mfukoni, ili kaka yako ajue anatafuta kiasi gani badala ya kuogopa kiasi asichokijua.

Hospitalini watampima sukari kwanza, na wafanye hivyo, kwa kuwa sukari iliyoshuka inaweza kumfanya mtu awe hivi hivi na hutibika kwa dakika. Watamwandikia namba kati ya 3 na 15. Hicho ni kipimo kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974, kinachotazama mambo matatu: anafumbuaje macho, anajibuje, na anasogezaje viungo. Mwenye 15 yuko macho kabisa. Iulize namba hiyo, iandike kwenye simu yako pamoja na saa. Ikishuka kwa 2, kwa mfano kutoka 14 hadi 12, mwite daktari mara moja, usingoje raundi ya asubuhi. Jamaa wa mgonjwa aliyeketi kando ya kitanda akiwa na namba mbili mkononi amewahi kuokoa zaidi ya mgonjwa mmoja niliyemjua.

Skani yenyewe haiumi, na picha zinakamilika kwa dakika chache. Mwombe daktari akuonyeshe picha. Damu mbichi huonekana nyeupe. Damu ya wiki sita huwa nyeusi kuliko ubongo, imejikunja juu yake kama hilali. (Ile ya ateri, ya yule kijana, huvimba katikati kama punje ya dengu.) Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu damu huweza kuwa na rangi ile ile ya kijivu ya ubongo, ikampita msomaji asiye mwangalifu, lakini kwa mzee wako wakati huo umepita. Utaona pia mstari wa katikati ya ubongo. Ukiwa umesukumwa upande, watakutajia ni milimita ngapi.

Wakiikuta, na akiwa na dalili alizo nazo, tiba ni kuitoa. Pengine kuna atakayependekeza vidonge vya steroidi viinyaushe. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa wagonjwa wa ugonjwa huu deksamethasoni, moja ya steroidi hizo, na waliopewa hawakupata nafuu bora. Kwa jumla walifanya vibaya kuliko wasiopewa. Kwa mzee anayekokota mguu, mimi nataka damu itoke.

Na hapa nijibu wale wanaowatisha. Watu wakisikia "kupasuliwa kichwa" wanaona msumeno na fuvu lililofunguliwa kama mtungi. Upasuaji huu hauko hivyo. Sehemu ya kichwa inanyolewa, ngozi inachanjwa kidogo, na mfupa unatobolewa tundu moja au mawili, kila moja upana wa sentimita moja na kitu. Hufanywa kwa usingizi kamili, na kwa mzee asiyehimili, kwa sindano ya ganzi tu. Daktari hafiki ndani ya ubongo. Anachana ule utando mgumu, na kinachotoka ni kioevu cheusi-kahawia, kinachofanana kabisa na oili chafu inayomwagwa kutoka kwenye injini ya pikipiki. Kinatoka kwa msukumo wake chenyewe. Wanaosha kwa maji ya chumvi mpaka yatoke meupe, kisha wanaacha mpira mwembamba wa kutolea mabaki kwa siku mbili hivi.

Huo mpira uulize. Madaktari wa Cambridge waliwafuata wagonjwa 215, wengine wakaachiwa mpira, wengine hawakuachiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: damu ilirudi na kuhitaji kutolewa tena kwa wagonjwa 9 kati ya kila 100 waliokuwa na mpira, na kwa 24 kati ya kila 100 wasiokuwa nao. Tofauti hiyo yote inaletwa na kipande cha mpira. Swali la adabu kama "Daktari, ataachiwa mpira wa kutolea damu?" halimkasirishi daktari mzuri.

Sitakuficha kwamba kuna hatari. Mtu wa miaka 71 mwenye shida ya moyo anaweza kupata nimonia akilala sana, kidonda kinaweza kuingia vijidudu, anaweza kupata degedege, na damu inaweza kurudi. Wapo wanaofariki. Lakini waliorudi "si wale wale" ninaowajua mimi, wengi wao waliletwa wamechelewa, mboni imeshapanuka, ubongo umeshabanwa kwa siku nyingi. Tundu la fuvu halikuwabadilisha. Waliobadilika walibadilishwa na kungoja. Mzee anayeingia thieta akiwa bado anatembea, hata kwa kuacha ndara nyuma, ana nafasi nzuri ya kutoka akitembea. Mara nyingi mkono hurudi kwanza, kisha maneno, kisha majina ya watu.

Baada ya hapo atarudi Ahero na mtaona amepona, na hapo ndipo watu wanapolegea. Kwa wiki nyingi baada ya upasuaji, kichwa kikianza kumuuma tena kila asubuhi, akianza kulala mchana, au ile ndara ikianza kumtoka, mrudisheni siku hiyo hiyo. Asirudishiwe aspirini na mtu wa duka la dawa. Daktari wa moyo na daktari wa upasuaji wakubaliane tarehe, na tarehe hiyo iandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa kabla hamjatoka wodini. Shambani asiende peke yake mpaka aweze kusimama kwa mguu mmoja akishika ukuta, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, bila kuyumba.

Niandikie mkishapata skani. Piga picha ya karatasi ya majibu, ufiche jina lake, unitumie pamoja na ile namba ya kwanza waliyomwandikia na saa yake.